Chronicling America: nilifuata Hawaii, nikakutana na sukari

Nimehariri habari miaka kumi na saba, kwa hiyo gazeti nalisoma kinyumenyume: kwanza namtafuta mwenye gazeti, kichwa cha habari baadaye. Ugonjwa wa kazi. Mwezi uliopita nilitaka kuona magazeti ya San Francisco na ya Honolulu yalisemaje wakati Hawaii inaingizwa Marekani, nikatumia Chronicling America, hazina ya magazeti ya kale ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Ni bure, wala huombwi kujisajili. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kabla yake nilijaribu tovuti moja ya kulipia, ikanikata pesa ya mwezi wa pili ilhali nimeshajitoa. Tuyaache hayo.

Uzuri wake ni kwamba unapewa ukurasa mzima kama ulivyotoka mtamboni, matangazo na yote. Nikafungua San Francisco Call ya tarehe 30 Septemba 1897. Ukurasa wa kwanza kuna habari iliyoandikwa na mwandishi Miriam Michelson, na kichwa chake kinasema mikono inalikaba koo taifa. Alikuwa Hilo, mji wa Hawaii, katika ukumbi wa Salvation Army (Jeshi la Wokovu), kwenye mkutano wa Wahawaii waliokuwa wakitia saini kukataa nchi yao isimezwe. Ombi hilo lilikusanya saini 21,269. Nikaikuza picha ya ukurasa nikaenda nayo mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele.

Halafu ugonjwa wangu ukapanda. Gazeti la nani hili? La John D. Spreckels, mwana wa Claus Spreckels, tajiri wa sukari. Mashamba ya miwa ya Hawaii yalitegemea vibarua wa mkataba walioletwa kutoka ng'ambo, na sheria za Marekani hazikuruhusu mikataba ya namna hiyo, kwa hiyo kuingizwa Marekani kungewakosesha wenye miwa vibarua hao. Sisemi Michelson alitumwa na miwa. Habari yake ni ya mtu aliyekaa akasikiliza. Ila mwandishi hajipi ukurasa wa kwanza, anapewa, na anayetoa ana hesabu zake. Haya hutayaona kwenye kitabu kilichonukuu mistari miwili.

Nikahamia Honolulu. Magazeti ya Pacific Commercial Advertiser na Hawaiian Star yanataka Hawaii iungane na Marekani, tena jana. The Independent yuko upande wa Liliuokalani, malkia wa Hawaii aliyepinduliwa, na hawaonei haya wenzake. Mtu akikwambia kuhusu "msimamo wa magazeti ya Hawaii", muulize la mtaa gani.

Sasa mtego ulioninasa. Rais McKinley alitia saini azimio la kuichukua Hawaii tarehe 7 Julai 1898. Nikatafuta Honolulu, tarehe 8: kimya. Tarehe 9, kimya. Nikadhani kurasa zimepotea. Kumbe waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika visiwani mwishoni mwa 1902! Habari ilikuja na meli, Coptic, tarehe 13 Julai. Magazeti ya siku hizo sita ndiyo niliyoyasoma kwa hamu kuliko yote. Mji umeshaamuliwa mambo yake na haujui, na ratiba za meli zinaendelea kuchapwa kama kawaida.

Ukiingia, chuja kwanza kwa jimbo na tarehe, ndipo uandike neno. Maandishi ya kutafutia yalisomwa na mashine kutoka kwenye picha, na wino uliofifia huidanganya mashine yoyote, kwa hiyo neno moja halitoshi. Jaribu "annexation", yaani kuitwaa nchi, kisha "Sandwich Islands", jina la zamani la visiwa hivyo. Kwenye simu usijisumbue, safu zile nyembamba zitakutoa macho. Tumia kompyuta.

Nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki naikata kwangu mwenyewe. Emma Nawahi, aliyehutubia mkutano ule wa Hilo, ndiye aliyeendeleza gazeti la Ke Aloha Aina baada ya mumewe Joseph kufariki mwaka 1896. Gazeti hilo liliandikwa Kihawaii, nami sijui hata neno la salamu zaidi ya aloha. Wiki zote tatu nimewasoma watu wale kwa Kiingereza cha majirani zao.