Kitabu cha Einstein kwa wasio wanafizikia: tathmini ya tafsiri ya 1920

Kwa anayetaka kuielewa kanuni ya kovariansi, yaani sharti la nadharia ya uhusianifu (relativity) kwamba sheria za maumbile zibaki na umbo lilelile tunapobadili vipimo vya mahali na wakati, bila kuanza na hisabati nzito, sijaona kitabu kinachofaa kuliko kile ambacho Albert Einstein aliwaandikia watu wasio wanafizikia, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1917 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Robert W. Lawson mwaka 1920. Tafsiri hiyo, Relativity: The Special and the General Theory, husomwa bure kwenye Project Gutenberg.

Ubora wake umo katika mpangilio wa hoja. Kwa mfano wa gari moshi na tuta la reli, Einstein anaonyesha kwamba radi mbili zilizopiga wakati mmoja kwa aliyesimama kando ya reli hazikupiga wakati mmoja kwa abiria aliyemo ndani ya behewa. Ndipo sura ya 14 inapoweka sharti zito: kila sheria ya maumbile ibaki na umbo lilelile tunapobadili vipimo vya mahali na wakati kwa milinganyo ya Lorentz (inayogeuza vipimo vya mtazamaji mmoja kuwa vya mwingine anayekwenda kwa mwendo usiobadilika), na ikipatikana sheria ya kweli isiyolitimiza sharti hilo, basi angalau mmojawapo wa misingi miwili ya nadharia (kwamba sheria za maumbile ni zilezile kwa watazamaji hao wote, na kwamba kasi ya mwanga ni ileile kwao) utakuwa umebatilika. Napenda uwazi huu, kwa kuwa mwandishi mwenyewe anatuonyesha mahali ambapo nadharia yake inaweza kuangushwa.

Sura ya 28 inalipanua sharti hilo lihusu mifumo yote ya majiranukta ya Gauss, yaani namba zozote za kutajia mahali na wakati wa tukio, hata ile mifumo inayojipinda na kubadilika umbo kadiri wakati unavyokwenda. Kwa jambo kubwa kiasi hiki, kurasa chache hazitoshi, na msomaji mgeni atapotea.

Pengo kubwa zaidi ni lingine. Mwaka 1917 mwanafizikia Erich Kretschmann alidai kwamba karibu nadharia yoyote inaweza kuandikwa kwa umbo la kovariansi, mradi mwandishi awe na ustadi wa hisabati, hivyo sharti hilo peke yake halisemi lolote kuhusu maumbile. Mwaka 1918 Einstein aliikubali hoja hiyo, huku akishikilia kwamba kanuni bado ina thamani ya kuongoza utafiti. Tafsiri ya 1920 ina kiambatisho kinachoeleza kupatwa kwa jua kwa 1919, kulikotumiwa kuijaribu nadharia, lakini mjadala huu haumo.

Kwa hiyo nashauri sura ya 19 na ya 20 zisomwe kwa utulivu kabla ya ya 28, kwa sababu uzito wa kifizikia wa nadharia umo humo, katika usawa wa masi ya inesha (ukinzani wa kitu dhidi ya kubadilishwa mwendo) na masi ya mvutano (inayoamua kitu kinavutwa kwa nguvu kiasi gani).