Nimeiandaa Spark yangu kwa mbio za Msasani: uzoefu wangu

Mashine yangu ni jetiski, Sea-Doo Spark ya farasi 90, silinda tatu, injini ya Rotax ya CC 899. Niliinunua mkononi kwa mtu, na kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi. Mwaka huu wenye jetiski saba tukakubaliana kushindana ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, maboya manne, mizunguko sita, nikaamua kuiandaa kwelikweli. Nimelipa mafundi mara mbili, na mara ya kwanza nililipia kazi ambayo haikugusa tatizo lenyewe. Ndiyo maana naandika.

Tatizo lilikuwa hivi: ukitoka kwenye kona ukavuta mafuta, injini inapiga kelele, mashine haiondoki. Inachukua sekunde mbili tatu ndipo ishike maji. Kwenye maji shwari zamani kioo cha mwendo kilikuwa kinafika kilomita 78 kwa saa. Sasa ikifika 66 imeishia hapo.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Walinisikiliza dakika tano wakasema injini imechoka. Wakabadilisha plagi zote tatu, oili na filta yake, halafu wakataka waingie kwenye kompyuta ya injini waongeze nguvu. Hilo la kompyuta nililikataa. Plagi na oili sijutii, muda wake ulikuwa umefika. Lakini nilipoirudisha majini ilikuwa vilevile, na nilipowapigia simu nikaambiwa nimeshazoea mwendo, ndiyo maana naona haikimbii. Maneno hayo yaliniuma kuliko hela yenyewe.

Nahodha mmoja wa boti za Mbudya ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa Kunduchi. Huyu hakuwasha injini kabisa. Alianza kwa kuniuliza napandia wapi.

"Palepale ufukweni, fundi. Maji yakifika magotini nawasha naondoka."

"Hata maji yakiwa yamekupwa?"

"Hata yakiwa yamekupwa."

Akatandika boksi chini, akalala chali chini ya trela, akamulika tochi kwenye pampu. Baada ya muda akaniambia, "Dada, injini yako nzima. Njoo ushike hapa."

Nikaingiza kidole. Jetiski haina rafadha ya nje kama boti. Ndani ya pampu kuna impela inayozunguka katikati ya ringi ya plastiki, inavuta maji kwa chini na kuyasukuma nyuma kwa nguvu. Pengo kati ya ncha za impela na ringi linatakiwa liwe dogo sana, sehemu tu ya milimita. Ringi yangu ilikuwa na mifereji, kucha inazama. Alipopitisha fila geji, yaani vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia pengo, upande mmoja zilipita bapa kadhaa kwa pamoja bila kugusa. Maji yaliyotakiwa kusukumwa nyuma yalikuwa yanarudi kupitia pengo hilo, na impela inazunguka kwenye povu. Kumbe kelele zote zile ni injini iliyokosa kitu cha kusukuma.

Mchanga ndio uliofanya hivyo. Kila nilipowasha kwenye maji ya magoti, pampu ilinyonya mchanga ikausaga kati ya impela na ringi. Na pwani yetu wakati wa bamvua maji yanakimbia mbali, unajikuta umesimama juu ya mchanga mahali ambapo asubuhi kulikuwa na kina cha kutosha. Sasa nasukuma mashine kwa mkono mpaka maji yanifike kifuani ndipo nawasha.

Ringi mpya ilibidi iagizwe Dubai, nikasubiri siku kumi na nane. Hapo ndipo ninapompunguzia alama, maana aliniahidi wiki moja na hakunipigia simu hata mara moja; nilikuwa naulizia mimi. Ilipofika, nikamwona akiipeleka kwa mama muuza soda jirani na kuilaza kwenye friza saa mbili. Plastiki ikipoa inasinyaa kidogo, ikatoka na ukungu mweupe, akaichomeka mahali pake kwa vidole viwili bila nyundo. Ncha za impela zilikuwa zimepinda kidogo, akazinyoosha na kuzipiga msasa taratibu, akapaka grisi kwenye meno ya shafti inayozungusha impela. Mwisho akaziba kwa silikoni kila upenyo kati ya pampu na bodi, kwa sababu hewa ikipenya hapo mashine inateleza vilevile hata ringi ikiwa mpya. Akanikataza kuishusha majini mpaka siku ipite silikoni ikauke.

Ukiacha vipuri, nilimlipa laki tatu na nusu. Kwangu ni hela ya haki.

Jambo jingine alilonirekebisha ni kuosha. Spark inapoza injini kwa maji yake ya ndani yaliyofungwa, lakini ekzosi inapozwa na maji ya bahari, kwa hiyo chumvi inabaki humo na lazima isafishwe. Nilikuwa nafungulia mpira wa maji kwanza ndipo nawasha. Ni hatari: maji yanaweza kupanda kupitia ekzosi mpaka kwenye injini. Unawasha kwanza, unafungua maji, na ukimaliza unafunga maji kabla ya kuzima. Na isizidi dakika mbili, kwa sababu sili ya shafti haipati maji ya kuipoza ikiwa nchi kavu. Mimi naoshea maji ya simtanki, yanatosha kabisa.

Siku ya mbio tulianza saa moja na nusu asubuhi, kabla upepo wa kusi haujachafua bahari. Kamba ya kuzimia injini mkononi, jaketi la kuokolea limekazwa, mafuta nusu tangi ili niwe mwepesi. Kwenye boya la kwanza nilivuta mafuta nikitegemea ile kelele. Haikuja. Mashine ilinirusha nyuma mpaka mikono ikanyooka. Nilimaliza wa tatu, nyuma ya mashine mbili zenye nguvu mara mbili ya yangu, na kwenye kona nilikuwa nawakaribia kila mzunguko. Kwenye sehemu iliyonyooka kioo kilifika 77.

Jumatatu yake nilirudi Kunduchi na mashine, kavu, kwenye trela. Fundi akalala tena kwenye boksi lake na fila geji. Ringi haijaguswa.