Riwaya za mapenzi ya polepole za China ya kale: uanze kununua ipi?

Tuelewane kwanza, polepole ziko mbili. Ipo ile wapenzi wanachelewa kwa sababu ukoo na sheria vimewabana, na ipo ile mwandishi anavuta tu, watu wanakunywa chai sura mia mbili na hakuna kilichosogea. Hela yako iende kwa ya kwanza. Zote nazotaja hapa utazisoma kwa Kiingereza.

Namba moja bila ubishi ni The Story of the Stone, ndo jina ambalo wachapishaji Penguin waliipa ile riwaya ya Cao Xueqin ya karne ya 18, wengine wanaijua kama Dream of the Red Chamber. Sura 120, juzuu tano, usiogope, nunua juzuu ya kwanza tu, ukinogewa ndo uendelee. Baoyu na Daiyu ni mabinamu wanaokulia kwenye nyumba moja ya matajiri, ndoa zinapangwa na wakubwa, kwa hiyo kupendana kwao kote ni kununiana, mashairi na mafumbo. Kwenye juzuu ya pili Baoyu kachapwa na baba yake mpaka hajiwezi, yuko kitandani, anamtuma mjakazi ampelekee Daiyu leso mbili kuukuu. Kanga ingekuwa na jina lake angalau mtu asome, hizi hazina chochote, mjakazi mwenyewe haelewi katumwa nini, ila Daiyu anaelewa, anawasha taa usiku anaandika mashairi juu ya hizo hizo leso huku mashavu yanamwaka moto. Yani hapo umeshasoma sura zaidi ya thelathini na ndo wameambiana.

Angalia toleo kabla ya kulipa. Hii ya Penguin imetafsiri mpaka majina ya wajakazi kwa Kiingereza, wengine inawakera, kama ni wewe chukua tafsiri ya Yang Xianyi na Gladys Yang, nayo ni kamili. Kaa mbali na zile zilizofupishwa, ukifupisha hii umetoa utamu wote. Na ile tafsiri ya zamani ya Joly iliishia sura ya 56 na ipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, sasa kuna watu wanaiuza mtandaoni kama kitabu kipya, usilipe. Mwisho wa hadithi sio wa furaha, nimekwambia mapema.

Unataka mwisho mtamu na kitabu kimoja tu? Namba mbili, The Lotus Palace ya Jeannie Lin, ya 2013. Chang'an, mji mkuu wa China enzi ya wafalme wa Tang, mtaa wa Pingkang wenye warembo wa kuburudisha wasomi na wakubwa, ila anayependwa ni Yue-ying, mjakazi mwenye alama ya kuzaliwa usoni, na anayempenda ni kijana wa ukoo mkubwa, Bai Huang. Sheria ya Tang ilikataza mtu huru kuoana na mtu wa daraja la chini, kwa hiyo kuchelewa kwao kuna sababu. Kuna na mauaji ya kuchunguza, hayaachi usinzie. Kwa bei, hapa ndo pa kuanzia kama hujazoea.

Namba tatu Thousand Autumns ya Meng Xi Shi, juzuu tano, kabla ukoo wa kifalme wa Sui haujaunganisha China mwaka 589. Wapenzi ni wanaume wawili, kama sio kitu chako ruka. Polepole yake ni ya kweli, mmoja haamini wema wa binadamu na mwingine hakubali kubadilika, shida ni kwamba juzuu moja haijitoshelezi, ukianza umejifunga kununua zote.

Ya mwisho ni Peony in Love ya Lisa See, 2007. Imeandikwa vizuri, mila za karne ya 17 zimo, miguu ya wasichana kufungwa isikue imo, lakini mapenzi yanakolea ndani ya siku chache za maonyesho ya opera na binti anakufa mapema, sehemu kubwa iliyobaki anasimulia akiwa mzimu. Hii azima kwa mtu.