CT au MRI kwa uvimbe wa figo na tezi dume

Kwa uvimbe wa figo, kati ya CT na MRI, vipimo viwili vya kupiga picha za ndani ya mwili, CT ndiyo hutangulia, kwa kuwa huchukua dakika chache tu na dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani huonyesha jinsi uvimbe unavyopokea damu. Hata hivyo, hutumia mionzi ya eksirei, ilhali MRI hutegemea sumaku na mawimbi ya redio. Kwenye tezi dume mambo hugeuka: CT haitofautishi vizuri tishu za ndani ya tezi, lakini MRI hufichua eneo la kutiliwa shaka, ambalo mtaalamu wa radiolojia hulipa alama ya PI-RADS (kiwango cha shaka ya saratani) kati ya 1 na 5, na sindano ya biopsi, yaani ya kuchukua kipande kidogo cha tishu, huelekezwa hapo. Kwa maoni yangu, hapo MRI haina mpinzani, ingawa humtaka mgonjwa atulie kwa muda mrefu zaidi.