Basi la watalii Maskati: siku yangu moja ghorofa ya juu

Mama mkubwa alinicheka. "Mwanangu, ulipe pesa zote hizo kupanda basi? Baba yako mkubwa ana gari, hakupeleki?" Yeye yuko Maskati tangu miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika warudi kwao, wakiwemo wa Unguja. Kwake mji huu ni nyumba za jamaa, na ndiyo hasa sababu nikalitaka basi. Siku nne nilikuwa nimezungushwa vitongoji vya Seeb na Al Khoudh, sebule baada ya sebule, kahawa na tende, na bahari sijaiona hata kwa mbali.

Mpango wa mabasi haya ni mwepesi: unakata tiketi ya siku, unapanda, unashuka kituo ulichopenda, unatembea, kisha unalingojea linalofuata. Kwa Maskati, hiyo ni nafuu kubwa. Mji umelala kama kamba baina ya majabali na bahari, barabara ni za magari, na anayedhani atatembea kwa miguu kutoka Qurum mpaka Mutrah jua litamfunza adabu.

Nilipandia Mutrah saa tatu asubuhi. Nenda ghorofa ya juu, na ukiwa unaelekea Maskati ya kale kaa upande wa kushoto, bahari yote ni yako. Kwanza bandari, ambayo siku hizi imebakia zaidi kwa meli za watalii kwa kuwa mizigo ilihamishiwa Sohar mwaka 2014. Halafu nyumba nyeupe za Mutrah zenye madirisha ya mbao, kisha chetezo kikubwa mno kilichosimama juu ya kilima cha Riyam, utasema kuna jini anajifukiza. Tukapita Lango la Maskati. Zamani, kabla ya 1970, milango ya mji ilifungwa usiku, na aliyetembea gizani ilimlazimu abebe taa. Hayo niliyasikia kwenye hedifoni, na nakiri yalinifanya nigeuke nyuma kulitazama lango mara ya pili.

Kuhusu hizo hedifoni: tundu la kiti changu cha kwanza lilikuwa limekufa. Nikahamia kiti cha pili, sikio moja tu. Cha tatu ndicho kilichosema. Kwa hiyo kabla hujajitandaza na mkoba wako, jaribu kwanza. Lugha za kuchagua ziko nyingi, Kiswahili hakimo. Nilicheka peke yangu, maana katika mji huu nilikuwa nimeshasikia Kiswahili dukani, hospitali na kwenye foleni ya mikate. Zanzibar yenyewe ilitajwa kwa pumzi moja ikapitwa, kama vile Seyyid Said, sultani wa Oman, hakuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19.

Nilishuka penye kasri ya Al Alam, iliyojengwa 1972. Ndani huingii, unasimama getini. Nguzo zake ni za buluu na dhahabu, zimepanuka juu mithili ya uyoga. Mimi niliyezoea nguzo nyembamba za Beit el Ajaib ya Unguja, kabla sehemu ya jumba lile haijaporomoka Desemba 2020, nilihitaji muda kuzipenda. Lakini zunguka nyuma ya kasri, usiwe kama wenzangu waliopiga picha moja wakakimbilia kivulini. Huko kuna ghuba ndogo na ngome mbili zinazotazamana, Jalali na Mirani, walizoziimarisha Wareno karne ya 16 kabla hawajafukuzwa 1650. Na kwenye majabali yanayoizunguka ghuba yameandikwa kwa rangi majina ya meli zilizowahi kutia nanga hapo. Nilikaa nikiyasoma moja moja. Hedifoni hazikuyagusa.

Hapo nikakosa basi. Lililofuata lilikuja baada ya karibu saa nzima, na kituoni hapana hata kibanda. Hesabu yako iwe hii: kila ukishuka, umelipa saa. Vituo vitatu kwa siku vinatosha. Ukitaka saba utaishia kuwaona madereva tu.

Kosa langu jingine lilikuwa kurudi sokoni Mutrah saa saba na nusu mchana. Maduka mengi hufungwa adhuhuri yakafunguliwa tena kama saa kumi, na Ijumaa asubuhi usijisumbue. Aliyenikatia tiketi alijua saa niliyopanda na wapi ninakwenda, na neno moja lingetosha. Nilizunguka vichochoro vya milango iliyofungwa mpaka nikamkuta mzee mmoja, kanzu na kofia, anapanga ubani mbele ya duka lake. Nilikuwa nazungumza na simu. Akanyanyua kichwa: "Wewe wa mjini au wa shamba?" Kiswahili cha Unguja, hakikupungua chumvi. Akanifungulia na kiti. Alinionesha tofauti ya ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman: ule mweupe wenye ukijani ndio wa bei, ule mwekundu wa kufukiza kila siku, na akanionjesha halua akaniuliza kama ya kwetu bado inafika hapo. Nilimjibu kwa adabu.

Niulizwe kama pesa yangu ilikwenda vizuri, nitasema ndiyo, kwa mgeni wa mara ya kwanza, baina ya Novemba na Februari, atakayepanda basi la kwanza kabisa. Katikati ya mwaka ghorofa ya juu ni kikaango. Anayetaka Mutrah na sokoni tu, apande mabasi ya kawaida ya mji, nauli ni baisa (senti za Oman) mia chache. Nyota tatu kati ya tano, na ya tatu nimeiongeza kwa sababu ya bahari.

Magharibi kornishi ilipowaka taa na upepo ukaanza kuja, ndipo nilipogundua kwamba basi la mwisho lilikuwa limeshapita kabla jua halijatua. Nikampigia baba mkubwa.

"Niko hapa nyuma ya soko la samaki," akasema. "Mama yako mkubwa kanitoa nyumbani tangu alasiri."