Class Clown, kitabu tulichokisoma na karatasi mbili pungufu

Nilikinunua kwa shilingi elfu nane kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai kando ya barabara hapa Kampala. Jalada lilikuwa limechakaa, lakini jina lilisomeka: Class Clown, yaani mchekeshaji wa darasa, cha Mmarekani Johanna Hurwitz, kilichotoka mwaka 1987. Sikuwa nimewahi kukisikia. Kilichonisimamisha ni lile jina, maana mkobani nilikuwa na barua ya shule, ya tatu muhula huo, inayosema mwanangu anavuruga masomo kwa vichekesho.

Sisi tumetoka Bombo, mji wa kambi ya jeshi, ambako Kiswahili tunakiongea tangu asubuhi mpaka tunalala. Tulipohamia Kampala mwanangu aliingia P.3, yaani darasa la tatu. Darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, ila uwanjani ni Kiganda, na Kiganda chake kilikuwa cha kuokoteza. Tena wapo watu wengi hapa ambao wakisikia Kiswahili wanamfikiria askari mwenye bunduki. Ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini mtoto huenda shuleni na yale anayoyasikia kwao. Wiki ya kwanza wenzake walimcheka kila alipofungua mdomo. Wiki ya pili akaanza kuwachekesha mwenyewe. Akawa anapanda juu ya dawati, anakaza shingo na kuamrisha kama sajini: "Mguu pande! Mguu sawa! Nyuma geuka!" Darasa zima linaangua kicheko. Baba yake ni mwanajeshi. Niliposimuliwa hayo na mwalimu niliumia sana, na sikujua niseme nini nyumbani.

Basi tukaanza kusoma, kila usiku baada ya chakula. Yeye anasoma Kiingereza kwa sauti, akikwama namsaidia kwa Kiswahili. Lucas Cott ni mtoto wa darasa la tatu kama yeye, msumbufu kuliko wote darasani, na pia ana akili nyingi. Siku moja anaamua kubadilika awe mwanafunzi mwema kabisa. Hapo ndipo anapoona kazi ilivyo ngumu, na kitabu kinapoanza kunoga. Nampenda mwandishi kwa kutomfanya Lucas mtoto mbaya anayehitaji kunyooshwa. Mdomo wake unamtangulia tu, na nia yake ni njema. Nyumbani ana wadogo zake mapacha, Marcus na Marius, na darasani yuko Cricket Kaufman, msichana ambaye hakosei kitu. Mwanangu alipofika kwake alifunga kitabu, akanitazama: "Mama, hata sisi tunaye huyu!" Nikacheka mpaka machozi. (Hurwitz alimwandikia Cricket kitabu chake pia, Teacher's Pet, cha mwaka 1988. Bado nakitafuta.)

Usiku wa nne tukagundua kwamba karatasi mbili katikati zimenyofolewa. Nilikasirika, maana muuzaji alinihakikishia kitabu ni kizima. Nikataka turuke twende mbele, mtoto akakataa. Akasema yeye anajua kilichotokea. Akalala chali, akaweka kitabu kifuani, akaanza: "Lucas alinyamaza siku nzima, Mama. Mwalimu akafurahi. Halafu wakatoka kucheza mpira, wakachagua timu, wakasahau kumchagua. Kwa sababu alikuwa amenyamaza."

Nilimuuliza Lucas alifanya nini baada ya hapo. Akasema, "Akapanda juu ya dawati."

Mimi barua zile tatu nilizisoma kama habari za utundu. Hakuna hata moja iliyotaja mpira. Kesho yake nilikwenda shuleni na sikuongea habari za adhabu. Nilimwomba mwalimu anitajie watoto wawili anaokaa nao karibu, na Jumamosi nikawaalika nyumbani. Nilikaanga chapati na mayai tukakunja rolex, wakacheza uani hadi magharibi, Kiganda na Kiswahili vikichanganyika. Baba yake alikuwapo. Wakamwomba awafundishe kwata ya kweli, naye akawapanga mstari.

Kitabu kina upungufu wake. Ni chepesi mno kwangu pale ambapo ningependa kiingie ndani zaidi, kituonyeshe mtoto wa namna hii anajisikiaje akiwa peke yake. Lucas yuko kwao, anaongea lugha ya wenzake, kwa hiyo mtoto mgeni asiyejua lugha ya uwanjani itabidi alisome hilo kwa kujazia mwenyewe, kama alivyofanya wangu. Shule ya Marekani ya miaka ile pia itakudai maelezo hapa na pale. Lakini sentensi ni fupi, sura hazichoshi, na mtoto wa P.3 au P.4 anayesoma Kiingereza polepole atafika mwisho bila kusukumwa. Soma naye, usimpe tu akasome pekee chumbani.

Ukikiona mahali, hesabu karatasi kabla hujalipa. Nakala yetu siiuzi. Mwanangu ameandika zile karatasi mbili kwenye daftari la hesabu, akazichana na kuzibandika mahali pake kwa gundi, na juu ya ya kwanza amemchora Lucas amesimama pembeni mwa goli, mikono mfukoni.