Masomo kumi ya gitaa la jazi kwa video: uzoefu wangu na noti za nusu toni

Kwa miaka mingi nilikuwa na kawaida moja nikipiga melodi na kodi (noti kadhaa zinazolia kwa pamoja) kwenye gitaa. Nikifika kwenye noti iliyo nje ya skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo, ile ya nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) inayochomoza katikati, naachia kodi. Naipiga noti peke yake, kisha nashika kodi tena kwenye noti inayofuata. Waliokuwa wanakula hotelini hawakuona kasoro. Mimi niliisikia kila mara, kama mtu anayesoma kwa sauti akaruka neno asilolijua.

Mwezi wa tisa mwaka jana nililipia masomo kumi kwa video, mimi na mwalimu tu, kwa ajili ya jambo hilo moja. Mwalimu anaishi New York. Simtaji jina kwa sababu hana kampuni wala matangazo, anafundishia sebuleni kwake na wanafunzi wanampata kwa kuelekezana. Alihudhuria kwa miaka darasa la Barry Harris, yule mpiga piano mzaliwa wa Detroit aliyefundisha New York mpaka uzeeni, akafariki Desemba 2021. Karibu kila anachofundisha kimetoka huko, kikahamishiwa kwenye nyuzi sita. Bei ni dola 40 kwa somo la saa moja, na unalipia matano kabla hamjaanza.

Nieleze nilikotoka, ili msomaji ajipime. Nimekulia kwenye kwaya ya kanisa na kwenye bendi za dansi hapa Dar es Salaam, nikipiga rithimu. Neno jazi tunalo siku nyingi, Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu 1932, na Morogoro Jazz ndiyo iliyomtoa Mbaraka Mwinshehe. Ila muziki wao ni wa namna nyingine: kodi chache, na utamu wote uko kwenye mazungumzo ya solo na rithimu. Shule ile ilinipa mkono wa kulia ninaoutegemea hadi leo. Mkono wa kushoto ulibaki na kodi zilezile.

Kabla ya hapo nilikuwa nimenunua kozi ya video zilizorekodiwa, sehemu nyingine. Ilikuwa na michoro ya kodi kuliko nilivyoweza kuimaliza, na sikujua hata mmoja niutumie wapi.

Somo la kwanza na mwalimu huyu halikuwa na mchoro wowote. Alishika C6 (kodi ya C iliyoongezwa noti ya sita) akaniambia niimbe A, kisha A flati, kisha G. (Flati ni noti iliyoshushwa nusu toni. Kuanzia hapa nitaiandika kwa b ndogo: Ab, Db na kadhalika.) Niliimba. Akauliza Ab ile inaelekea wapi. Nikajibu inaelekea G. Akasema basi kodi iliyo chini yake nayo ielekee huko, na hapo ndipo akanionyesha vidole.

Ni kodi tatu kwenye nyuzi nne za juu. Ya kwanza ni C6, nyuzi zote nne kwenye freti ya 5, na A ikiwa juu. Ya pili, ukihesabu kuanzia uzi wa nne kwenda wa kwanza, ni freti 3, 4, 3, 4. Hiyo ni kodi ya diminishi, ambayo noti zake zimeachana toni moja na nusu kila moja, yenye F, B, D na Ab. Ya tatu ni 2, 2, 1, 3, ambayo ni C6 tena, safari hii G ikiwa juu. Zipige polepole na usikilize uzi wa kwanza ukishuka freti 5, 4, 3. Mimi nilizirudia kwa dakika kumi bila kusema neno, naye akaniacha.

Harris aliichukua skeli ya C akaongeza Ab katikati ya G na A, ikawa na noti nane badala ya saba. Nne ni za C6: C, E, G, A. Nne zinazobaki, B, D, F na Ab, ni za diminishi. Ukipanda au kushuka skeli hiyo, kodi zinapokezana: nyumbani, safarini, nyumbani, safarini. Kwa hiyo Ab ni ya familia, na ina kodi yake kama ndugu zake watatu. Wiki mbili nzima sikufanya kingine ila kupandisha na kushusha kodi hizo nane, asubuhi kabla ya kazi, metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, ikiwa kwenye 50 kwa dakika.

Somo la nne ndilo lililobadilisha mchezo wangu. Kodi mbadala ya tritoni nilikuwa naijua kwa kusoma. G7, yaani kodi ya saba ya G, ina G, B, D na F. Zinazoipa hamu ya kurudi C ni B na F, ambazo zimeachana toni tatu kamili, na umbali huo ndio tritoni. Chukua sasa Db7: ina Db, F, Ab na B (wanadharia wataiandika Cb, ila kwenye gitaa ni freti ileile). B na F zote zipo, zimebadilishana kazi tu, ukihesabu kutoka mzizi, noti iliyoipa kodi jina: iliyokuwa ya tatu imekuwa ya saba, na ya saba imekuwa ya tatu. Ndiyo maana Db7 inaweza kukaa mahali pa G7 na bado ikakupeleka C.

Hayo yamo kwenye kila kitabu. Ambacho sikuwahi kuelezwa ni kuitazama kodi hiyo kutokea kwenye melodi. Mwalimu aliniambia nifikirie piano katika kii ya C. Noti zilizo nje ya skeli ni tano, zile nyeusi: Db, Eb, Gb, Ab, Bb. Ziweke juu ya Db7, moja moja. Db ni mzizi wake. Eb ni ya tisa. Ab ni ya tano. Bb ni ya kumi na tatu. Nne kati ya tano zimekaa kitako! Noti zilezile juu ya G7 zinavuta huku na huku: Ab ni ya tisa iliyoshushwa, Eb ni ya kumi na tatu iliyoshushwa. Nilikuwa naziogopa kwa sababu nilikuwa nazipima kwa kodi isiyo yake.

Inabaki Gb, yaani F shapu (F iliyopandishwa nusu toni). Hapa kwaya ilinisaidia. Aliyeimba kwa tonic sol-fa anaijua noti hiyo kwa jina la fe, na anajua kwamba fe ikitokea, kinanda kinashika D7 kwenda G. Kwa hiyo noti ya tano nilikuwa na kodi yake tangu utotoni. Kilichoongezeka ni kwamba D7 nayo ina mbadala wake, Ab7, ambamo fe inakuwa noti ya saba. Nilipomweleza mwalimu habari za fe, na ndugu zake se (G shapu) na ta (Bb), aliniomba nimwimbie, na sehemu kubwa ya somo hilo ikaenda kwenye hilo. Sikujutia dola hata moja.

Zoezi lililofuata naliweka hapa kwa sababu yeyote mwenye gitaa anaweza kulijaribu leo. Melodi ni E, Eb, D, Db, C, zote kwenye uzi wa kwanza kuanzia freti ya 12. Chini yake weka A7, Ab7, G7, Gb7, halafu F6. Kwa kila kodi, melodi ni noti ya tano. Umbo la A7 kwenye nyuzi nne za juu ni 11, 12, 10, 12. Unaliteremsha freti moja moja mara tatu, kisha F6 ni 7, 7, 6, 8. Kidole hakibadiliki mpaka mwisho. Ukichunguza utaona mfuatano wa asili ulikuwa A7, D7, G7, C7, F, kila dominanti, yaani kodi ya saba yenye hamu ya kwenda mbele, ikiita inayofuata. Ab7 imekaa mahali pa D7, Gb7 mahali pa C7. Noti mbili za nusu toni kwenye melodi ndizo zilizochagua kodi hizo mbili.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kusikiliza. Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi, namna anavyojenga solo zake: kwanza noti moja moja, kisha oktava (noti ileile ya juu na ya chini kwa pamoja), kisha kodi nzima nzima, yote kwa kidole gumba. Halafu Prelude to a Kiss ya Duke Ellington ya mwaka 1938, ambayo melodi yake inaanza kwa kushuka nusu toni baada ya nusu toni. Kwa wimbo huo sikuruhusiwa kugusa gitaa kabla ya kuuimba wote.

Kuna onyo ambalo mwalimu alilitoa kwa haraka, na mimi nikalilipia mbele ya watu. Tunapiga watatu hotelini Ijumaa: besi, mimi, na mwimbaji dada mmoja mwenye sauti ya kushikilia noti ndefu. Usiku mmoja niliweka Ab7 mahali pa D7. Mpiga besi alibaki kwenye D na haikuharibu chochote, kwa sababu Ab7 juu ya D inasikika kama D7 iliyokolezwa viungo. Lakini dada alikuwa ameshikilia A. Noti hiyo ni ya tano ya D7, tulivu kabisa. Juu ya Ab7 inagongana na mzizi, nusu toni tu kati yao. Akanigeukia usoni. Kodi mbadala inapendeza pale melodi inapoihitaji, na mahali ambapo melodi iko ndani ya skeli mara nyingi kodi ya asili ndiyo sahihi. Vivyo hivyo C juu ya Db7: usiiguse. Siku hizi nikitaka kubadilisha kodi chini ya mwimbaji, naangalia kwanza anaimba nini.

Sasa malalamiko. Mwalimu hatoi karatasi. Kila kitu unaandika mwenyewe, na rekodi ya somo huituma baada ya siku tatu au nne, wakati mwingine baada ya kumkumbusha. Umeme ulikatika kwetu katikati ya somo la saba nalo likahesabiwa limekwisha. Niliona si haki na nikamwambia hivyo, akashikilia utaratibu wake. Pia ujue kwamba programu ya video huuchukulia mlio mrefu wa gitaa kuwa kelele na kuukata. Kuna mahali pa kuruhusu sauti halisi ya ala, kuwe kumewashwa pande zote mbili kabla hamjaanza. Bando dogo halitoshi. Na jambo la saa: somo langu lilikuwa saa tatu usiku, lakini Novemba Marekani wanarudisha saa zao nyuma, likawa saa nne. Sikuambiwa, nikakaa saa nzima nikisubiri.

Kama bado unatafuta C na F kwa macho, subiri kwanza. Unahitaji kuwa na maumbo ya kodi za sita, za saba na za diminishi kwenye nyuzi nne za juu, yaliyozoeleka mkononi, la sivyo saa ya dola 40 itaishia kwenye vidole. Kwa aliyekwisha kuwa nayo, sijapata mahali pengine panapofundisha jambo hili kwa kuanzia sikioni.

Nimelipia matano mengine. Tutaanza na melodi zinazopanda kwa nusu toni, kwa sababu kodi za tritoni nilizojifunza zinashuka kama maji, ila nikitaka kutoka C kwenda Db kwenda D bado mkono unasita, na mwalimu anasema huko ni zamu ya diminishi tena.